Mgombea wetu ana kigugumizi, nimpe kura?

SWALI: Shikamoo Mzee. Kwenye kata yetu wagombea udiwani ni wawili. Mmoja akishika kipaza sauti watu wanasahau hata njaa. Mwingine ana kigugumizi. Jumamosi alikwama kwenye neno "zahanati" mpaka vijana wakamzomea, na shemeji yangu akasema, "Huyu kichwani hamna kitu." Mimi namfahamu, ndiye mweka hazina wa saccos yetu. Je, asiyeweza kusema anaweza kuongoza?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekuwa mtendaji wa kata miaka 19, nimekaa meza moja na madiwani wanne, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kigugumizi ni cha ulimi. Mwenye nacho neno analijua vizuri, ila linagoma kutoka, na mkimzomea ndiyo linazidi kugoma. Mara nyingi neno hilohilo akiliimba linatoka bila taabu. Shemeji yako amemwonea.

Diwani wangu wa pili alikuwa bingwa wa jukwaa, akina mama walimtandikia kanga apite. Lakini ukimpa taarifa ya mapato na matumizi, anafunua ukurasa wa mwisho na kuuliza, "Nasaini wapi?" Wa tatu sentensi moja aliianza mara mbili. Siku moja tulikwenda kukagua mabati ya madarasa mawili, yamepangwa uani hayajapauliwa. Akachuchumaa, akapapasa ukingo wa bati, akasoma maandishi yake madogo, akafungua daftari. "Mtendaji, mkataba u-unasema geji 28. Hii ni geji 30." Bati jembamba, na mimi nilikuwa nimeshalipokea kwa saini yangu. Yalirudishwa yote.

Wakenya nao wanaikumbuka Desemba 2002. Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, baada ya ajali ya gari wakati wa kampeni. Hakuwa mtu wa kuwasha umati. Alikuwa mchumi aliyesoma Makerere na London, na Januari 2003 watoto wakaingia shule za msingi bila ada.

Sisemi kwamba kusema si kitu. Mwalimu Nyerere alijaliwa ulimi na akili pamoja, na diwani lazima asimame kwenye baraza aitetee kata yake. Akisema taratibu lakini hoja ikafika, inatosha.

Sasa wewe una bahati, huyu unamjua kazini. Hesabu za saccos zikikaguliwa zinatoka vipi? Mkopo ukichelewa, anaeleza sababu? Hapo ndipo pa kumpimia. Yule mwingine muulize mkutanoni, kwa adabu: zahanati itajengwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri au fedha za serikali kuu, na ni shilingi ngapi? Kisha muulize na mwenye kigugumizi swali hilohilo. Vijana wakianza kuzomea, simama wewe uwaombe wanyamaze mpaka amalize.