SAT au ACT kwa binti anayeomba vyuo vya Marekani

Dada, umeuliza binti yako wa kidato cha sita afanye SAT au ACT, mitihani ya kuombea nafasi vyuoni. Vyuo vya Marekani vinavyotaka mtihani hupokea wowote kati ya hiyo miwili, kwa hiyo jina lisikusumbue. Kwanza hakikisha kama vyuo anavyovitaka vinauhitaji: MIT inautaka, University of California haiutazami kabisa.

Kinachoamua ni namna anavyosoma. SAT sasa ni ya kompyuta, maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14. Vifungu vyake ni vifupi, kila kimoja na swali moja, na kikokotoo cha grafu kimo humohumo kwenye programu. ACT ina vifungu virefu vyenye maswali mengi. Sehemu yake ya sayansi imekuwa ya hiari tangu 2025.

Mwanangu hesabu anaziweza, ila kwenye kifungu kirefu nilimwona anarudia mstari uleule, kidole juu ya karatasi, dakika zinakwisha. Tukachagua SAT. Wako mpe jaribio kamili la kila mmoja, Jumamosi mbili, saa ikiwa mezani. Majaribio ya bure yapo kwa wenye mitihani wenyewe. Na asiache swali tupu, jibu la kosa halikatwi alama.