Maswali ya Fundi: Taa inawaka ila kompyuta haioni bodi

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Arduino Nano (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu) ile ya kukopi, nikiichomeka kwa laptopu taa inawaka vizuri tu ila kwenye programu ya Arduino sehemu ya kuchagua poti imefifia haibonyezeki, nimefuta programu nikaiweka upya wapi, sasa kuna jamaa ananiambia bodi ishakufa ninunue nyingine. Ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza, na mwambie huyo jamaa apunguze kasi. Hiyo taa inakwambia umeme umefika, basi, haisemi chochote kuhusu data. Waya wa USB wa kawaida ndani una nyuzi 4, nyekundu ya volti 5 na nyeusi ya grandi, afu nyeupe na kijani ndo za data, sasa nyaya kibao zinazokuja na spika ndogo na tochi za kuchaji zimewekewa zile mbili za umeme tu, kwa hiyo hata ukiweka upya programu mpaka kesho haitasaidia maana hakuna njia ya data. Kabla ya yote chukua huo waya ujaribu kuhamishia picha kutoka kwenye simu au kamera inayokubali waya huo. Picha zikigoma na waya mwingine zinapita, mchawi umempata.

Waya ukiwa mzima, kama ni Windows fungua Device Manager (orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kompyuta), chomeka chomoa huku unaangalia ile orodha. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanakimbilia kubadilisha setingi za programu wakati kompyuta yenyewe bado haijaiona bodi. Orodha isipotikisika kabisa, shida ni waya, tundu la USB, habu au soketi ya bodi iliyolegea. Ikitokea alama ya njano basi kompyuta imeona kitu ila haina draiva (programu ya kuongea na kifaa hicho), na Nano za kukopi nyingi zina chipu ya USB ya CH340 (angalia maandishi kwenye ile chipu ndogo, mara nyingi iko upande wa chini) so weka draiva ya hiyo chipu. Ukiona COM na namba, poti ipo tayari.

Kwa wa Linux kuna kituko kimoja, kwenye Ubuntu 22.04 bodi inaonekana sekunde moja halafu inapotea, kumbe kuna programu inaitwa brltty ya kuwasaidia wasioona kutumia vifaa vya breli, inaona namba 1A86:7523 ya CH340 inadhani ni kifaa chake inakikwapua. Kama huna kifaa cha breli itoe tu. Na ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua poti, jiongeze kwenye kundi la dialout, toka kwenye akaunti uingie tena.

Poti ikishaonekana halafu kupakia kodi (programu uliyoiandika) kukagoma na meseji ya kosa yenye neno stk500, kwenye menyu ya Processor ndani ya programu ya Arduino chagua ile yenye maneno Old Bootloader, manake Nano nyingi za kukopi zinaongea kwa kasi ya 57600 badala ya 115200. Na chomoa chochote ulichounga pini 0 na 1, hizo ndo USB inapitia.

Umejaribu waya wa uhakika, kompyuta nyingine, bado kimya na ile chipu ndogo inachoma kidole? Hapo sawa, chipu ya USB imeungua, lakini ATmega, ile chipu kuu ya bodi, inaweza kuwa nzima, bado unaweza kuipakia kodi bila USB kwa pini zilizoandikwa ICSP ukitumia Arduino nyingine. Bodi ya hivyo sio ya kutupa.

SWALI: Bodi yangu ya ESP32 (ile yenye Wi-Fi), nikipakia kodi inaandika Connecting na nukta nyingiii halafu inafeli. Poti naiona.

JIBU: Shikilia kitufe cha BOOT, anza kupakia, nukta zikianza kutoka subiri kidogo uachie. Kitufe hicho kinashusha pini GPIO0 ili chipu ikiwaka iingie kwenye hali ya kupokea kodi, bodi nyingine hufanya zenyewe na nyingine zinahitaji mkono wako. Ikikubali afu ikawa inajizima kila ukiwasha Wi-Fi na kuandika brownout, umeme haumtoshi, tumia waya mfupi mnene na usiipitishe kwenye habu isiyo na umeme wake.

SWALI: Bodi yangu ina soketi ya USB-C, kwa waya wa C kwa C haiwaki hata taa, kwa waya wa A kwa C inawaka. Kwa nini??

JIBU: Aliyeitengeneza alibania rizista mbili za kiloohm 5.1 kwenye pini za CC, zile za kutambua kilichochomekwa. Bila hizo tundu la C la laptopu halijui kuna kitu kimechomekwa, halitoi umeme. Endelea na waya wa A kwa C, bodi yako nzima.