Fimbo ya kuvulia bass: tazama ndoano kwanza

Mkuu, umesema una fimbo moja tu, ya futi 7, yenye alama H (yaani ngumu), na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, imejaa mshipi wa kusokotwa wa paundi 50. Unaitumia kwa kila chambo katika Ziwa Naivasha, bass (samaki wawindaji wa maji baridi) unaowanasa kwa krenki, chambo bandia chenye umbo la samaki, wanachomoka karibu na boti, na sasa una hela ya fimbo mbili zaidi. Tuanze na hao wanaochomoka, maana wao ndio watakaoonyesha cha kununua.

Watu wengi huchagua fimbo kwa kufikiria ukubwa wa samaki. Bass wa kilo mbili hashindi fimbo yoyote nzima ya dukani. Kinachotakiwa kuamua ni ndoano. Krenki hubeba ndoano mbili ndogo za matawi matatu, nyembamba na kali. Zinajichoma zenyewe samaki anapofunga mdomo. Ukivuta na fimbo ngumu na mshipi usionyumbuka, unapanua tundu au unamnyang'anya samaki chambo kabla hajakishika vizuri. Akifika karibu na boti na kutikisa kichwa, mshipi uliobaki ni mfupi na hakuna kinachopoza ule mtikiso, ndoano inatoka. Hapo panahitaji fimbo ya M (ugumu wa wastani) yenye mpindo wa Moderate, yaani inayojikunja mpaka katikati. Ya nyuzi za kioo, au mchanganyiko wa kioo na kaboni, ni bora kuliko kaboni tupu. Weka mshipi wa nailoni au fluorokaboni wa paundi 10 hadi 12. Samaki akigonga usikurupuke kuvuta: endelea kuzungusha rili, kisha peleka fimbo pembeni taratibu mpaka uzito ukae. Fimbo hiyohiyo itakurushia popa na vyambo vingine vya juu ya maji vyenye ndoano za matawi matatu, ila kwa vyambo hivyo vya juu tumia nailoni. Fluorokaboni inazama na kuvuta pua ya chambo chini.

Mnyoo wa plastiki ni kinyume kabisa. Ndoano ni moja, nene, namba 3/0 au 4/0, na ncha yake imefichwa ndani ya plastiki ili isishike majani. Lazima itoboe plastiki kwanza, halafu taya. Fimbo laini itameza nguvu yako yote na samaki ataachia mnyoo tu. Nunua MH (ugumu kati ya M na H) yenye mpindo wa Fast, inayojikunja theluthi ya juu pekee, futi 7 au zaidi kidogo, mshipi wa fluorokaboni wa paundi 15, chubwi ya gramu 5 hadi 10.

Jigi, yaani ndoano yenye kichwa kizito, inakaa kwenye fimbo hiyohiyo, na kwa Naivasha mimi ningeipa siku nyingi kuliko chambo kingine chochote. Kamba wekundu wa maji baridi waliletwa ziwani mwaka 1970 na bass wanawala sana. Jigi ya kahawia yenye wekundu, gramu 10 hadi 14, ikiburutwa polepole chini kando ya miti iliyozama maji yalipopanda, inafanana na kamba anayerudi nyuma. Burura kwa fimbo, usiburure kwa rili. Hapo ndipo ncha ya Fast inalipa: unahisi jiwe, unahisi mzizi, na unahisi ule mguso mdogo ambao si jiwe wala mzizi. Ukiuhisi, punguza ulegevu wa mshipi kisha vuta kwa nguvu mara moja.

H yako usiiuze. Kazi yake ni chura wa mpira juu ya magugumaji na kwenye vijia vya mafunjo, na mshipi wako wa paundi 50 ndio unaofaa hapo kwa sababu unakata majani na haunyumbuki. Wengi humkosa samaki wa chura kwa haraka: maji yanaruka, mtu anavuta, chura anarudi mtupu. Subiri mpaka uhisi uzito, ndipo uvute, na usimpe nafasi ya kugeuza kichwa kuingia majani. Kwenye mafunjo rushia kutoka kwenye boti na uwe na mtu anayejua walipo viboko. Ukingo wa mafunjo si mahali pa kusogelea kwa miguu.

Dukani usiamini herufi peke yake. M ya kampuni moja inaweza kuwa MH ya nyingine, hakuna kipimo cha pamoja. Soma uzito wa chambo ulioandikwa juu ya mpini: wakia 1/4 hadi 5/8 ni kama gramu 7 hadi 18. Kisha pitisha mshipi kwenye pete zote, funga chupa ya maji ya nusu lita, inua taratibu huku fimbo ikiwa karibu sambamba na sakafu. Mkunjo ukifika katikati ya fimbo, hiyo ni ya krenki. Ukiishia juu, ni ya mnyoo na jigi.

Breki ya rili, inayoachia mshipi samaki akivuta sana, ipime kwa mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo. Kwa mshipi wa paundi 12 ianze kuteleza kati ya kilo 1.4 na 1.8. Hela isipotosha fimbo zote mbili kwa sasa, legeza breki ya hiyo H mpaka kilo moja, badilisha mshipi uwe wa nailoni, na utapunguza wanaochomoka.

Na samaki akifika kwenye boti usimnyanyue kwa fimbo iliyosimama wima: uzito wote unahamia kwenye ncha, na kaboni hukatika hapohapo. Tumia wavu, au mshike taya ya chini kwa mkono kama amenaswa kwa ndoano moja.