Joto la nyuzi 39 linauaje watu elfu 15?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi fundi uashi, nipo Kizota hapa Dodoma. Juzi kijiweni tulibishana sana, mwenzetu anasema mwaka 2003 Ufaransa walikufa watu elfu 15 kwa joto tu, na Paris kwenyewe eti haikufika hata nyuzi 40. Nikamkatalia, sisi huku Oktoba mpaka Desemba jua la utosi linatukuta juu ya mabati na hatufi, labda hao walikuwa wazee wenye magonjwa yao. Ni kweli au wanatia chumvi? Alafu mama yangu ana miaka 74, anatumia dawa za presha, anaishi peke yake chumba cha bati hakina dari. Nikimpigia anasema yuko salama. Niwe na wasiwasi?

JIBU: Kaka yangu, mwenzako kasema kweli. Ilikuwa Agosti 2003, Ufaransa peke yake karibu watu 15,000, na Ulaya nzima msimu ule zaidi ya 70,000. Mwaka 2022 ikajirudia, Ulaya walikufa zaidi ya 60,000. Wala usione ni mambo ya wazungu, kwenye Hija ya 2024 Makka ilipita nyuzi 50 na serikali ya Saudia yenyewe ilitangaza vifo zaidi ya 1,300, wengi ni mahujaji waliokwenda bila vibali, yaani wametembea juani kwa miguu hawana hema wala basi lenye kiyoyozi.

Sasa hilo la "walikuwa na magonjwa yao" ndo linaniuma, maana ndivyo joto linavyojificha. Ukipata joto mwili unasukuma damu nyingi kuja kwenye ngozi ili ipoe, na unatoa jasho, kwahiyo moyo unafanya kazi mara dufu huku maji yanapungua na figo zinakaukiwa, mzee mwenye presha hapo moyo unashindwa na kwenye cheti inaandikwa moyo, joto halitajwi popote. Ndo maana wataalamu wanaangalia kipindi kama kile miaka ya kawaida hufa watu wangapi, na mwaka wa joto wamekufa wangapi, ile ziada ndo hesabu yenyewe. Hao watu wangekuwepo, na presha zao.

Kitu kingine ni usiku. Dodoma tupo juu, mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, jua likizama kaupepo kanakuja na unalala, mwili unapumzika. Paris ile wiki kuna usiku joto halikushuka chini ya 25, na watu wanalala vyumba vya juu kabisa chini ya paa la zinki, ndugu yake bati letu hili. Na Agosti ni mwezi wao wa likizo, watoto wamesafiri, mzee kabaki na madirisha yake. Maiti 57 zilikosa wa kuzichukua mpaka zikazikwa na serikali makaburi ya Thiais, Rais Chirac akaenda mwenyewe mazikoni. Chicago mwaka 1995 hivyo hivyo, zaidi ya watu 700 ndani ya siku chache, wengi wazee waliokuwa wanaishi peke yao.

Tuje kwa mama. Novemba moja nilimtembelea shangazi yangu Chamwino mida ya saa nane, nikamkuta kakaa kitandani na sweta juu, chumba kinawaka kama tanuri, midomo imepasuka na kikombe cha maji kipo pale pale kimejaa. Namuuliza shangazi unaumwa, anasema nimechoka tu mwanangu. Hakuwa anadanganya, mzee kiu haisikii vizuri na joto pia halisikii kama wewe, kwahiyo hilo "niko salama" la kwenye simu usiliamini sana. Tulimtoa tukamkalisha chini ya mwembe, kitenge kibichi mabegani, akanywa maji kidogo kidogo mpaka jioni akaanza kuongea maneno yake ya kawaida.

Mama mchana asikae humo ndani. Wazee wetu wa Kigogo walijenga tembe, udongo juu na pembeni, mle ndani kunapoa, sisi tumehamia kwenye bati tukasahau dari. Wewe ni fundi, hata silingibodi za bei nafuu au angalau kivuli cha makuti mbele ya mlango huwezi kushindwa. Dawa za presha asiache, ila muulizeni daktari kama kuna inayomkojoza sana na kipindi cha joto afanyeje. Ukiona anaongea visivyoeleweka, anayumba, au ngozi ya moto sana, hiyo ni dharura, mmwagie maji na umpepee hapo hapo wakati mnatafuta bajaji ya kumpeleka hospitali, na kama hajitambui usimnyweshe kitu. Na wewe juu ya mabati hivyo hivyo, usisubiri kiu, kijana mwenye nguvu naye anaanguka.

Kesho usimpigie simu. Nenda mwenyewe saa nane mchana, kaa naye humo ndani nusu saa mlango umefungwa kama anavyokaa yeye.