Plagi inazunguka tu haikazi: kabla hujashusha hedi, angalia haya

Mkuu, umesema plagi ya silinda ya tatu inazunguka tu bila kukaza, ukikanyaga mafuta inapiga chaf-chaf-chaf, na fundi amekwambia hakuna njia ila kushusha hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofungwa plagi. Huenda yuko sahihi, lakini mara nyingi hapana. Mimi nilipita hapo hapo, na aliyeharibu nilikuwa mimi mwenyewe.

Nilikuwa nabadilisha plagi jioni, gari imetoka safari, injini bado ya moto. Tatu ziliingia vizuri. Ya nne tundu lake limejificha, halionekani hata kwa tochi mpaka uinamishe shingo, kwa hiyo nikaipachika kwenye soketi nikaanza moja kwa moja na racheti. Ikawa nzito kidogo. Nikajiambia ni uchafu, nikaongeza nguvu. Ikalia "kri", halafu ikalegea kabisa kama kifuniko cha chupa kilichokufa. Nilipoitoa ilikuwa imevaa nyuzi nyembamba za alumini zinang'aa, zimejizungusha kwenye meno yake kama springi ya kalamu. Zile nyuzi ndiyo yalikuwa meno ya hedi yangu.

Plagi ni chuma na hedi za siku hizi ni alumini, kwa hiyo wakigombana hao wawili anayeumia anajulikana. Tena alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto, ndiyo maana kufungua na kufunga plagi ni kazi ya injini iliyopoa kabisa, siyo vuguvugu. Kukaza kupita kiasi kunaua meno. Kuacha plagi imelegea kunaua vilevile, na watu wengi hawalijui hili: kila mlipuko unaisukuma plagi juu, inacheza, inasaga meno kidogo kidogo mpaka siku moja inaruka na koili yake, kile kifaa cha juu kinachoipa umeme. Halafu kuna wale wanaofunga plagi fupi kuliko inayotakiwa. Gari inawaka, hakuna tatizo. Lakini meno ya chini ya tundu yanabaki wazi ndani ya chumba cha moto, yanajaa kaboni, na siku ukileta plagi ya urefu sahihi inakwama katikati, wewe unalazimisha, na mwisho wake ndio huo.

Sasa usikimbilie kuchonga kitu. Toa plagi, angalia tundu kwa tochi, na kama unayo kamera ya waya ya kuchomeka kwenye simu ndiyo bora zaidi. Unatafuta kujua meno yamekufa wapi. Kama ni mawili matatu ya juu tu na ya chini yako salama, hauhitaji bushi, yaani kipande cha bomba chenye meno mapya. Kuna tapu (kifaa cha kuchongea meno) ya kutokea ndani: unaiingiza ikiwa imejikunja, inatanuka chini ya meno, unaizungusha kinyume huku ikipanda. Inaanza kwenye meno mazima, kwa hiyo inaifuata njia ya asili, na vumbi lake kwa sehemu kubwa linatoka nje. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Tapu ya kawaida ya kuanzia juu nisingekushauri hapa, maana juu ndiko kulikoharibika, na ikishika njia mbaya inachonga upotovu mpya.

Kama meno yote yameondoka, usisikilize habari za tepi ya mabomba wala gundi ya chuma. Nasema kwa sababu gundi nilijaribu. Siku ya tano plagi iliruka, ikapasua koili, nikasukuma gari mpaka nyumbani.

Dawa yake ni kutanua tundu, kuchonga meno mapya makubwa, na kufunga bushi ambayo ndani yake ina meno ya saizi ya plagi yako. Plagi nyingi ni za kipenyo cha milimita 14, jino hadi jino milimita 1.25. Injini za karibuni nyingi zinatumia 12, na zipo za 10, kwa hiyo pima kwanza ndipo ununue seti. Pima na urefu wa sehemu yenye meno, ambao kwenye magari mengi ni milimita 19, na bushi iwe ya urefu huohuo. Zipo pia springi za waya badala ya bushi nzima. Zinafanya kazi, nimezitumia kwenye bolti nyingi, ila kwenye plagi siziamini sana. Plagi inafunguliwa na kufungwa mara kwa mara, na siku moja springi inaweza kutoka nayo. Bushi nzima yenye kola (ukingo uliotokeza) juu inakaa.

Watu wanaogopa kuchonga. Kuchonga ni rahisi, alumini ni laini. Vinavyoharibu kazi ni viwili: tapu kwenda upande, na vyembe vya alumini iliyochongwa kuangukia kwenye silinda.

Tuanze na vyembe. Chomoa betri, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini), plagi zote zikiwa nje. Bana mpira mnene mdomoni mwa tundu na uzibe ncha yake kwa kidole gumba. Upepo ukianza kukisukuma kidole, pistoni inapanda na valvu zote mbili zimefunga. Toa mpira, ingiza mrija mrefu wa plastiki, endelea kuzungusha upande uleule mpaka mrija ufike juu kabisa kisha uanze kushuka. Simama ukishashuka kama nusu ya mwendo wake. Hapo pistoni iko mbali na tapu na valvu bado zimefunga, kwa hiyo hakuna chembe itakayoingia kwenye mlango wa valvu. Usifanye haya kwa mrija wa chuma, na usisahau kuutoa.

Jaza grisi kwenye mifereji ya tapu. Vyembe vinanasa humo. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na kila baada ya mizunguko miwili mitatu itoe yote, futa, paka grisi mpya. Inachosha, na ni hapo ambapo watu wanaruka hatua.

Kuhusu kwenda sawa: nunua tapu yenye ngazi, ile ambayo ncha yake ni ya saizi ya plagi na juu yake inatanua na kuchonga kwenda kama milimita 16. Ncha inashika masalia ya meno ya zamani na kuiongoza. Drili ya umeme iache kwenye boksi. Mizunguko miwili ya mwanzo zungusha kwa vidole tu ukishika mpini katikati, siyo kwa mpini mrefu. Kila robo mzunguko simama, angalia kutoka mbele, kisha kutoka pembeni, linganisha na ukuta wa shimo la plagi. Ikiwa imeinama hata kidogo, itoe uanze tena, kwa sababu baada ya mzunguko wa tatu hairekebishiki.

Ukimaliza, seti nzuri inakuja na kifaa cha kukatia kiti cha kola. Kata taratibu mpaka kola ikae usawa na uso wa zamani. Ikibaki juu, plagi itakuwa fupi ndani na washa yake (pete ya kuzibia) haitakaa vizuri.

Sasa endelea kuzungusha krenki upande uleule, pistoni ishuke mpaka chini na ianze kupanda. Hapo valvu ya eksozi iko wazi. Piga upepo wa kompresa kwenye tundu, vyembe vilivyobaki vitokee eksozi. Kabla ya hapo nilikuwa nimefyonza kwa mashine ya vumbi, nimebana mpira mwembamba mdomoni mwake kwa tepi, nikaufikisha mpaka juu ya pistoni. Fanya vyote viwili.

Safisha meno mapya kwa dawa ya kusafishia breki mpaka grisi iishe, kwa sababu gundi ya meno haishiki kwenye mafuta. Tia gundi inayostahimili joto kali nje ya bushi, kidogo tu, isitiririke ndani. Zipo bushi ambazo meno yake ya chini yanatanuliwa na kifaa maalumu zikajifunga zenyewe, hizo ndizo ninazozipenda. Nyingine zinategemea gundi, basi iache usiku kucha, usiwe na haraka kama yangu.

Kwenye kufunga plagi, chukua kipande cha mpira wa petroli, kichomeke kwenye kichwa cha plagi, uishushe nacho na uizungushe kwa vidole. Ikiingia vibaya, mpira unateleza kabla meno hayajaumia. Soketi haina huruma hiyo. Ikishakaa chini kwa mkono ndipo uchukue spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (nyutoni-mita): kwa plagi ya 14 yenye washa kwenye hedi ya alumini ni Nm 25 hadi 30, ya 12 ni 15 hadi 20, ya 10 ni 10 hadi 12. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, kifuate hicho. Kama huna toki na plagi ni mpya ya washa saizi 14, zungusha nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya mkono kugoma. Na usipake grisi ya shaba kwenye meno. Inafanya plagi iteleze, toki inasema 25 kumbe umekaza zaidi.

Mwasho wa kwanza unaweza kutoa moshi kidogo kwa ajili ya mabaki ya grisi, usishtuke. Sikiliza ile chaf-chaf. Ikiwa imekwisha, tembea kidogo, acha ipoe kabisa, kisha hakikisha plagi bado imekaza.

Fundi wako atakuwa sahihi katika hali moja: ukiona ufa unaotoka kwenye tundu kuelekea kiti cha valvu, au tundu limeshatanuliwa na mtu kabla yako likaenda upande. Hapo weka tapu chini, hedi ishuke ipelekwe kwa mchonga vyuma. Ya kwangu haikuwa hivyo. Bushi ile bado iko kwenye silinda ya nne, nimeshabadilisha plagi mara mbili juu yake, asubuhi, injini ya baridi.