Maswali na majibu: Kabla hujauliza "apu gani", niambie unafundisha nini

Maswali yamejaa tena, nachukua machache. Yale ya "nitumie linki" nimeyafuta, usisubiri.

Naomba unitajie apu bora ya kufundishia.

Kila wiki hili swali, jamani! Bora kwa somo lipi, darasa la ngapi, wapo wangapi, simu zipo au hazipo? Ni sawa na kuingia duka la dawa ukasema nipe dawa. Niandikie upya na uanze hivi: "mwisho wa kipindi nataka wanafunzi waweze..." Ukikwama kumalizia hapo, tatizo lako sio apu.

Natumia Kahoot (ule mchezo wa maswali ya kuchagua kwenye simu) kila Ijumaa, darasa linachangamka balaa, ila mtihani ukija wanaanguka vilevile. Nakosea wapi?

Wanashindana vidole, hawashindani akili. Majibu manne yana rangi zake, saa inahesabu sekunde, anayewahi ndo anapata pointi nyingi, sasa mtoto mjanja asome swali la nini? Nilishakaa nyuma ya darasa namwangalia kijana mmoja, swali halijaisha kusomwa keshabonyeza pembetatu nyekundu, akapatia, akashangilia kama kafunga goli, nikamuuliza kwa nini umechagua hiyo, akanijibu "nimeotea tu mwalimu".

Ongeza muda wa swali na uzime pointi, inawezekana kwenye seting. Kila baada ya swali simamisha, wageukiane wawili wawili waelezane kwa nini.

Halafu tuseme ukweli, majibu yenu ya uongo ni ya kivivu. Unauliza 1/2 + 1/3 halafu unaweka chaguo la 97, nani atachagua 97? Weka 2/5, ndo anayopata yule anayejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Weka 1/6 ya aliyezidisha, weka 1/5 ya aliyejumlisha chini tu juu akapaacha. Sahihi 5/6, na sasa kila aliyekosa kakuambia kakosea wapi, nusu ya darasa wakikimbilia 2/5 basi kipindi kijacho unajua unaanzia wapi.

Na msinielewe vibaya, kujipima kunafundisha kweli. Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walijaribu mwaka 2006, waliorudia kusoma walikuwa juu dakika 5 baada ya kumaliza, lakini ilipopita wiki moja waliojipima wakawaacha mbali. Ila wale walikuwa wanavuta jibu kichwani na kuliandika wenyewe, hakuna rangi za kuchagua. Kwa hiyo, Ijumaa yako hiyo weka hata maswali mawili ya kuandika.

Wanafunzi hawana simu, nina yangu tu. Nifanyeje?

Plickers, apu ya maswali ya kadi. Unaprinti kadi, kila mwanafunzi na yake, anaigeuza upande wa A, B, C au D juu, wewe unapitisha kamera ya simu yako darasa zima na majibu yanaingia. Michoro inatofautiana kadi kwa kadi kwa hiyo kuchungulia ya jirani hakumsaidii mtu. Usizifunike kwa plastiki inayong'aa, mwanga unarudi kamera haisomi, na waambie vidole visizibe mchoro maana hapo ndo utapoteza nusu ya kipindi.

ChatGPT imenitungia maswali 30, wanafunzi wakanikamata na majibu mawili ya uongo. Niiache?

Hongera kwa wanafunzi wako. Ile kitu inaandika sentensi inayofanana na jibu, iwe kweli iwe uongo sauti ni ileile ya kujiamini. Kabla ya kupeleka darasani fanya hayo maswali mwenyewe yote 30 bila kuchungulia majibu, ukiona ni kazi kubwa basi tunga 8. Mimi naitumia kuniorodheshea makosa ambayo mwanafunzi anaweza kufanya kwenye mada fulani, nachuja, nabaki na matatu. Na hukuuliza ila nasema: majina na maksi za watoto wa watu msizibandike humo!

PhET (yale majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta) inataka intaneti muda wote?

Hapana, za HTML5, yaani za kisasa, unapakua faili na kulifungua kwenye brauza bila bando. Zile za zamani za Flash sahau, Adobe waliachana nayo mwisho wa 2020.

Kazi zangu zote zilikuwa Jamboard (ule ubao wa mtandaoni wa Google), siioni tena. Naipataje?

Google waliifunga 31 Desemba 2024, na walitangaza tangu 2023. Tafuta kwenye Drive yako kama kuna nakala za PDF, zisipokuwepo pole sana. Na mimi yalishanikuta na programu nyingine, miaka miwili ya maswali ikaenda na maji. Siku hizi yangu yote yako kwenye lahajedwali moja (kama Excel): swali, jibu, makosa matatu, na tarehe niliyolitumia mara ya mwisho, huko kwenye apu napeleka nakala tu.