Pesa za bure na hofu ya pombe

Hapana ndugu yangu, hiyo hoja kwamba maskini akipewa pesa ataimalizia kwenye pombe imepimwa na haikusimama. Huko Rarieda, Kaunti ya Siaya nchini Kenya, shirika la misaada la GiveDirectly lilitumia M-Pesa kuzipelekea fedha kaya zilizoishi kwenye nyumba za paa la nyasi, bila masharti yoyote. Watafiti Haushofer na Shapiro hawakuona matumizi ya pombe wala sigara yakipanda. Watu walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Na bati si anasa! Paa la nyasi huoza, kila ukarabati ni gharama. Baadaye, utafiti mwingine wa Siaya ulionyesha kwamba hata majirani wasiopewa kitu walinufaika, maana pesa zilizunguka madukani, huku bei zikipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu.